Risasi iliyofichwa mkononi: vijana wa Nyangwe na Kabambare wana haki ya kujua kiinimacho kinafanywaje

Oktoba 1876, karibu na Kasongo. Mzungu mmoja aitwaye Stanley amefika kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, anatafuta njia ya kuufuata mto Lualaba hadi mwisho wake. Anakutana na Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye Maniema inamkumbuka kwa jina la Tippu Tip. Katika mazungumzo, mgeni anaonyesha bunduki na kusema kwamba inapiga risasi 15 mfululizo. Tippu Tip anauliza kama zote zinatoka katika mdomo mmoja. Anajibiwa ndiyo. Anamwomba aipige waone, mgeni anakataa kupoteza risasi.

Tippu Tip anaona moyoni kwamba anadanganywa. Hapo anajibu kwa uongo wake mwenyewe: anamwambia Stanley kwamba huko Rumami kuna upinde mmoja unaopigwa kwa mishale 20, yote inaruka pamoja, na kila mshale unaua mtu. Stanley anaelewa kwamba anachezewa. Anatoka nje, anapiga risasi 12, kisha anachukua bastola na kupiga sita. Watu wote wanashangaa. Na katikati ya mshangao huo Tippu Tip anauliza swali moja zaidi: risasi hizo zinatiwaje ndani? Stanley anamwonyesha.

Kisa hicho Tippu Tip alikisimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, katika maandishi ya maisha yake. Wengi wanakirudia kwa kucheka ule upinde wa Rumami. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni mwisho wake. Mtu ameona ajabu mbele ya macho yake, na badala ya kuondoka na hofu au na heshima, anataka kujua namna inavyofanya kazi.

Swali hilo leo linahitajika sana kusini mwa Maniema. Katika teritwari ya Kabambare, kuzunguka Salamabila na machimbo ya dhahabu ya Namoya, vijana wameingia katika makundi yenye kumiliki silaha wakiwa wamechanjwa ngozi, wamenyunyiziwa maji na kufungwa hirizi. Wanaambiwa kwamba risasi ya adui itageuka maji. Anayewaambia hivyo, wapiganaji wanamwita dokta, na mara nyingi wanapewa onyesho kidogo ili wasadiki. Risasi inapigwa, mtu anabaki amesimama. Kijana wa miaka 16 aliyeona jambo hilo kwa macho yake mwenyewe hawezi kubishana nalo, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba onyesho hilo lina umri mkubwa, lina namna yake ya kufanywa, na liliwahi kutumiwa katika nchi hii hii dhidi ya babu zake.

Habari hiyo ya babu inapatikana katika barua. Tarehe 18 Julai 1890, Mmarekani mweusi George Washington Williams aliandika barua ya wazi kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Aliiandika Stanley Falls, mji ambao leo ni Kisangani, chini kabisa kwenye mto ule ule unaopita mbele ya Nyangwe. Williams alikuwa askari wa zamani, mchungaji, mwanasheria na mwandishi wa historia ya watu weusi wa Marekani. Alikuja Kongo akidhani atakuta kazi njema. Alichokikuta kilimfanya awe miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuishitaki serikali ya Leopold mbele ya ulimwengu. Barua yake inajulikana kwa mashitaka ya utumwa, mauaji na unyang'anyi. Mwanzoni mwake kuna sehemu ambayo walimu wachache wanaifikia: maelezo ya jinsi wajumbe waliotumwa kutafuta mikataba ya ardhi walivyotumia kiinimacho mbele ya machifu.

Williams anataja michezo mitatu. Wa kwanza ni wa umeme. Betri zilinunuliwa London, zikafungwa kwenye mkono chini ya koti, na waya wake ukaunganishwa na utepe uliopita katika kiganja. Mzungu anamsalimia chifu kwa kumshika mkono. Chifu anapigwa na nguvu asiyoijua, karibu aanguke. Akiuliza, anaambiwa kwamba wazungu wana nguvu za namna hiyo, kwamba wanaweza hata kung'oa miti.

Wa pili ni wa lupu, kile kioo cha kukuza. Mzungu anatoa sigara, anaiwasha kwa jua akitumia kioo, anavuta taratibu. Kisha anaeleza kwamba yeye na jua wanaelewana sana, na kwamba akiliomba liunguze kijiji cha ndugu yake mweusi, litafanya hivyo.

Wa tatu ni wa bunduki. Ilikuwa bunduki ya fataki, ile ambayo baruti na risasi vinakaa pamoja ndani ya karatasi moja. Mzungu anapasua karatasi mbele ya watu, anamimina baruti ndani ya mtutu pamoja na karatasi, na wakati huo huo risasi inateleza kuingia katika mkono wa koti lake, upande wa kushoto. Anampa chifu bunduki. Anamsihi asogee hatua kadhaa, ampige, ili ahakikishe kwamba mzungu ni roho na hafi. Chifu anakataa, anabembelezwa, mwishowe anafyatua. Mlio unasikika, moshi unatoka. Mzungu anainama na kuitoa risasi katika kiatu chake.

Kwa njia hizo, aliandika Williams, pamoja na masanduku machache ya pombe kali, vijiji vizima vilitiwa sahihi na kuwa mali ya mfalme. Anasema pia kwamba michezo hiyo ilifanyiwa mazoezi kwanza. Neno hilo la mazoezi ni zito. Mtu anayefanya mazoezi anajua vizuri kabisa kwamba hakuna nguvu yoyote ya ajabu.

Nyangwe yenyewe haikuchukuliwa kwa betri wala kwa lupu. Majeshi ya Dhanis yaliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huo huo, kwa vita kamili kati ya Dola Huru la Kongo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili. Na kabla ya hapo, tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe lilikuwa limekwisha kuonja risasi za kweli. David Livingstone alikuwapo, na aliandika alichokiona: watu wenye bunduki walianza kuwapiga wanawake waliokuwa wakiuza na kununua, wakina mama wakakimbilia mitumbwi, wengi wakazama Lualaba. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hakuna aliyekuwa na risasi mkononi mwa koti siku hiyo. Mwanafunzi wa Nyangwe anayekaa darasani kando ya mto huo anastahili kujua bunduki zote mbili, ile iliyoua sokoni na ile iliyodanganya chifu, na kujua kwamba zilikuja katika miaka ile ile zikiwa mikononi mwa watu waliotaka kitu kimoja.

Michezo ambayo Williams aliieleza haikubuniwa kwa ajili ya Kongo. Ilitoka jukwaani. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mtu aliyeitwa Jean-Eugène Robert-Houdin. Alizaliwa Blois mwaka 1805, akawa fundi wa saa, kisha akafungua ukumbi wake wa mazingaombwe mjini Paris. Alivaa kama bwana anayekwenda karamuni badala ya kujipamba kama mchawi, na watu wa kazi hiyo hadi leo wanamhesabu kuwa baba wa mazingaombwe ya kisasa. Ufaransa ilikuwa na tatizo Algeria: viongozi wa dini waliosemekana kufanya miujiza walikuwa wanawatia watu moyo wa kupigana na wakoloni. Kazi ya Robert-Houdin ilikuwa kuonyesha kwamba Mfaransa ana miujiza mikubwa zaidi.

Oktoba mwaka huo alicheza katika ukumbi wa Algiers mbele ya machifu. Alileta sanduku dogo ambalo mtoto angeliweza kulinyanyua. Kisha akamwita mtu mwenye nguvu, akatamka kwamba amemnyang'anya nguvu zake, na sanduku likagoma kutoka sakafuni. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme, na sanduku lilikuwa na chuma. Mtu huyo alipoendelea kuvuta, umeme ulipitishwa katika kishikio, akapiga kelele na kukimbia. Alifanya pia mchezo wa risasi. Risasi aliyoitia katika bastola ilikuwa ya nta iliyopakwa weusi ili ifanane na madini ya risasi. Nta inavunjika ndani ya mtutu, haimfikii mtu.

Umeme na risasi. Mtu akiziweka habari za Algiers na barua ya Williams ubavu kwa ubavu, anaona ni mkoba ule ule. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Robert-Houdin aliandika kwamba baada ya maonyesho, wakalimani waliagizwa kuwaeleza machifu kuwa yote yale yalikuwa ufundi wa mikono na hila za kazi yake. Msomaji ana haki ya kutosadiki kila neno la mtu aliyetumwa na jeshi la wakoloni. Hata hivyo ni jambo la kufikiriwa kwamba alijiona ana deni la kueleza. Kongo hakuna mkalimani aliyetumwa kueleza. Deni hilo halijalipwa mpaka leo, na mahali pa kulilipa ni shuleni.

Wako watakaosema kwamba somo la namna hii ni matusi, kwamba linawafanya mababu waonekane wajinga. Hofu hiyo inaeleweka. Maniema imechoka kuandikwa vitabuni kama nchi ya watu wanaoogopa kila kitu. Ila historia ya kiinimacho ndiyo inayoondoa tusi hilo, kwa sababu inaonyesha Ulaya na Marekani zikidanganywa vibaya zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1848, katika jimbo la New York, wasichana wawili wa familia ya Fox walidai kwamba roho za wafu zinawajibu kwa kugonga. Dini nzima ilizaliwa hapo, ikakusanya wanasheria, maprofesa na watu wakubwa wa pande zote mbili za bahari. Miaka 40 baadaye mmoja wao, Margaret, alipanda jukwaani na kuonyesha kwamba milio ilitoka katika viungo vya vidole vya miguu yake. Waumini wengi walikataa kumsikia. Chifu wa Kongo alidanganywa kwa betri ambayo hakuwahi kuiona. Profesa wa London alidanganywa na kidole cha mguu.

Na Ulaya haikuponywa na akili ya kuzaliwa nayo. Iliponywa, kidogo kidogo, na watu walioandika siri. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kikubwa dhidi ya mauaji ya watu walioshitakiwa uchawi. Ndani yake alieleza hatua kwa hatua jinsi wachezaji wa viinimacho wanavyopoteza sarafu, wanavyojichoma kisu bila kuumia, wanavyoonekana kukata kichwa cha mtu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama mambo haya yanafanywa na mikono ya binadamu, basi bibi kizee wa jirani anauawa kwa nini? Mwaka ule ule, mjini Lyon nchini Ufaransa, Jean Prévost alichapisha kitabu chake cha michezo ya namna hiyo. Kila mtu wa Maniema na Kivu anayejua jinsi wazee, hasa wakina mama wajane, wanavyonyooshewa kidole cha ulozi mtoto anapokufa ghafla kijijini, ataona kwamba kitabu cha Scot hakijazeeka.

Mchezo wa risasi una historia yake ya damu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kijana wa Kabambare angepaswa kuisikia kwanza. Tangu zamani waliougusa wamekufa nao. Anayejulikana zaidi alijiita Chung Ling Soo na kuvaa kama Mchina, ingawa alikuwa Mmarekani aitwaye William Robinson. Alidaka risasi kwa sahani mbele ya watu kwa miaka mingi. Bunduki zake zilikuwa na siri: moto ulipelekwa pembeni, mahali penye baruti tupu, na risasi iliyoonekana kutiwa haikupigwa kamwe. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918 mjini London, bunduki moja iliyokwisha kulika kwa kutumiwa ilivujisha baruti, moto ukafika upande usiotakiwa, na risasi ya kweli ikatoka. Alikufa siku iliyofuata. Huyu alikuwa bwana wa siri yenyewe, aliyejitengenezea kila kitu, na bado alikufa. Kijana wa Salamabila hana hata siri. Aliyeitengeneza bunduki ya adui hakuiwekea nafasi ya pembeni.

Hapa ndipo tofauti kati ya onyesho na vita inapokaa. Siku ya chanjo, bunduki, risasi na mtu wa kufyatua vyote viko mikononi mwa dokta au watu wake. Anaweza kutoa risasi na kuacha baruti. Anaweza kuchagua mpigaji anayejua kukosa. Anaweza kusimama mbali ambapo silaha mbovu haifiki. Siku ya mapigano hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mikononi mwake. Na kijana akianguka, jibu liko tayari: alivunja sharti. Aligusa mwanamke, alikula chakula kilichokatazwa, alitazama nyuma. Waliokufa hawawezi kujitetea, na waliobaki wanajilaumu wenyewe badala ya kumwuliza aliyewachanja.

Masharti hayo nayo si mapya. Mwaka 1905 upande wa kusini wa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, na vita ya Maji Maji ikaua watu wengi mno hadi 1907. Mwaka 1964 Simba walipoteka Kindu mwezi wa Julai, wapiganaji wao walikuwa na dawa na orodha ndefu ya miiko, wakipiga kelele za mai huku wakisonga mbele. Che Guevara alipofika upande wa Fizi mwaka 1965, mlangoni mwa Kabambare, aliandika kwa masikitiko jinsi dawa ilivyotawala mipango ya vita. Wazee wa Kasongo na Kabambare waliokuwa vijana wakati wa Simba bado wapo. Wanayo mengi ya kusema wakiulizwa na wajukuu wao, wala hawahitaji kitabu.

Haki itendeke pia kwa upande wa dawa. Si kila mtu aliyeinyunyiza alikuwa tapeli. Maji ya Kinjikitile yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja, na mtu asiye na kitu isipokuwa mkuki anahitaji ujasiri wa kutoka mahali fulani. Miiko ya kutoiba na kutonajisi wanawake, pale ilipofuatwa, iliwalinda raia. Lakini mwaka 1905 watu walikuwa wanapigana na dola lililowalimisha pamba kwa viboko. Kuzunguka machimbo ya dhahabu leo, mara nyingi kijana anachanjwa ili akalinde kizuizi cha kodi ambacho faida yake inakwenda kwa mtu mwingine, asiyechanjwa, anayelala mbali na mapigano.

Mkoba huo huo umeingia pia mjini. Kuna wanaojiita wazidishaji wa pesa, wanaoonyesha karatasi nyeusi na kudai ni dola zilizofichwa rangi. Noti chache za kweli zinapakwa iodini hadi zinakuwa nyeusi, zinachanganywa na karatasi tupu, kisha zile za kweli zinatumbukizwa katika maji yenye vitamini C, rangi inatoka, na mteja anasadiki. Analipia dawa ya kusafisha sanduku zima. Kuna pia manabii wanaotaja jina la mgonjwa na ugonjwa wake kabla hajafungua mdomo. Mwaka 1986 nchini Marekani, mcheza mazingaombwe James Randi na wenzake walinasa mawimbi ya redio katika mikutano ya mhubiri Peter Popoff, wakamsikia mke wake akimsomea majina na anwani kupitia chombo kidogo alichokivaa sikioni. Waumini walikuwa wamejaza kadi za maombi mlangoni. Kusema hivyo si kupinga sala. Mkristo na Mwislamu wa Kasongo wote wana sababu ya kutotaka jina la Mungu litumiwe kama mkono wa koti.

Randi alikuwa anafuata njia ya Harry Houdini, mtoto wa wahamiaji kutoka Hungaria aliyejipa jina hilo kwa kumwenzi Robert-Houdin. Houdini alitumia miaka yake ya mwisho kufichua waliodai kuongea na wafu, na mwaka 1926 alitoa ushahidi mbele ya wabunge mjini Washington. Lakini mfano ulio karibu zaidi na vijiji vya Maniema ni wa India. Huko Basava Premanand, aliyekufa mwaka 2009, alizunguka vijijini kwa miaka mingi. Alifanya mbele ya watu miujiza yote ya waliojiita watakatifu: majivu yanayotoka kiganjani, moto unaowaka bila kiberiti, ulimi unaotobolewa kwa chuma. Watu wakishangaa, anaanza upya taratibu na kuwaita watoto waje wafanye wenyewe.

Hicho ndicho kinachoweza kufanyika Nyangwe bila kusubiri Kinshasa ibadilishe programu ya masomo. Historia ya Dola Huru la Kongo inafundishwa tayari katika sekondari, na barua ya Williams inaingia hapo bila kulazimishwa. Fizikia inafundisha lensi na umeme tayari, ila mara nyingi kwa chaki tupu, na mwanafunzi anakariri kanuni ya lensi bila kuwahi kushika lensi. Walimu wawili, wa historia na wa fizikia, wakikubaliana juu ya wiki moja, wanaweza kumfanya mwanafunzi aunguze jani kavu kwa jua na kusoma siku hiyo hiyo nani aliwahi kutishia kijiji kwa kioo cha namna hiyo. Msumari, waya na betri ya tochi vinatosha kutengeneza sumaku ya umeme na kueleza sanduku la Algiers. Mchezo wa risasi haufanywi kwa bunduki hata kidogo. Kijiwe kimoja na shati la mikono mirefu vinatosha, na kila darasa lina mtoto mwenye vidole vyepesi atakayewashinda wenzake wote kwa siku tatu.

Redio za kijamii nazo zina nafasi. Baruti tupu na risasi ya nta ni mambo yanayoelezeka kwa dakika kumi, kwa Kiswahili cha nyumbani, jioni wakati watu wametoka shambani.

Hatari ipo na isifichwe. Mwalimu anayetaja jina la dokta fulani katika kijiji chenye watu wa silaha anaweza kulipa kwa maisha yake, na hakuna mwandishi mwenye haki ya kumtuma huko. Lakini somo la 1890 halitaji mtu yeyote wa leo. Linamtaja Leopold, Stanley, Williams na chifu asiyejulikana jina aliyebembelezwa afyatue. Mwalimu anafika pale ambapo mzungu anainama kuitoa risasi katika kiatu, anafunga daftari, na kuwauliza wanafunzi iliingiaje humo. Wa nyuma kabisa, aliyekuja kutoka Kabambare kukaa kwa mjomba wake, anaweza kuwa wa kwanza kunyoosha mkono.